Maji ya Langoni

Kijijini kwetu milimani, baridi huingia kimya kimya. Unaamka, ukungu umelala juu ya mapaa, moshi wa kuni unapanda polepole, na dunia nzima kama bado inaota.

Kila alfajiri mume wangu Rangel aliwasha pikipiki kwenda kiwanda cha mbao. Na kila alfajiri mama yake, Bi Stamena, alitoka na kata ya shaba, akamwaga maji mbele ya gurudumu.

"Nenda kama maji, mwanangu," alisema. "Usikwame popote."

Siku moja tu maishani mwake alisahau kumwaga. Siku hiyo mumewe aliingia mgodini, asirudi.

Asubuhi moja ya Januari, Rangel alifika langoni tu, gurudumu likateleza. Puu! Pikipiki ikamlalia mguu. Nilikuwa na mimba kubwa, sikuweza kuiinua. Nilipiga kelele mpaka jirani yetu Donka akaja mbio. Donka alisambaza barua kwa pikipiki miaka mingi katika milima hii.

Alimwinua Rangel. Suruali ilichanika, lakini mguu ulikuwa mzima. Kisha Donka akapapasa ardhi kwa kiganja.

"Loo! Barafu nyembamba. Hii huioni mpaka ikuangushe. Imetoka wapi, na theluji haijaanguka wiki nzima?"

Sote tukaitazama kata mkononi mwa mama mkwe. Akakaa kizingitini, akalia.

"Kumbe ni mimi! Nambariki, kumbe namwangusha!"

"Usilie, Bi Stamena," Donka alisema. "Upendo wako hauna kosa."

"Na nisipomwaga, nitakaaje mpaka jioni? Moyo utanipasuka!"

Donka akamgeukia Rangel. "Na wewe, mbona unatoka mapema hivi? Ngoja jua liiguse barabara. Darajani na kwenye kivuli cha misonobari barafu hukaa hadi mchana. Punguza mwendo kabla hujafika. Usikamate breki ghafla."

"Nikichelewa kazini je?"

"Chelewa ufike! Na hizo glavu za sufu, upepo unapita kama kwenye chekecheke. Vidole vikifa ganzi, breki utaishikaje?"

Rangel akainamisha kichwa. "Juzi baridi ilinizidi, nikaanza kuota huku naendesha. Nilimwona marehemu baba msituni, ananipungia mkono. Nikasikia usingizi mtamu sana."

Donka hakucheka.

"Huo usingizi ndiyo baridi yenyewe, imeshakuingia. Ukiusikia, simama, shuka, tembea, unywe kitu cha moto. Siku ya theluji, panda basi."

Mama akafuta machozi. "Kitu cha moto?" akauliza.

Kesho yake Rangel alivaa nguo tatu ndani ya koti, glavu za ngozi, na kizibao kinachong'aa. Tukangoja jua. Mama alikuwa ameshatandaza majivu langoni, gurudumu lisiteleze. Akatoka na kata yake. Nikabana pumzi.

Maji yalikuwa yanafuka mvuke, yananukia majani ya mlimani na asali. Akayamimina yote kwenye chupa ya chai, akaitia kifuani mwa mwanawe, ndani ya koti.

"Nenda kama maji," alisema. "Ukifika darajani, simama unywe."

Jioni tulisikia pikipiki inapanda taratibu. Mama aliitikisa chupa sikioni. Ilikuwa tupu. Akacheka kama msichana.

Rangel hakuanguka tena. Binti yetu alizaliwa theluji ikiyeyuka, na baba yake alikuwepo kumpokea.