Paa Lililovuja Bila Mvua

Leonila alikuwa akianua nguo aliposikia mama mkwe wake akiita kutoka chumba cha nyuma. Bi Casilda alipata kiharusi mwaka juzi. Upande wake wa kulia haukuwa na nguvu, na ulimi wake ulikuwa mzito. Ilibidi mtu amsogelee ndipo amwelewe.

"Inanyesha," alisema Bi Casilda.

Leonila alitazama dirishani. Ilikuwa saa tisa alasiri, mwezi wa sita, katika mji wa jangwani wa Hermosillo. Jua lilikuwa kali, barabara tupu, hata mbwa hawakuonekana. Mvua ya mwisho ilinyesha Februari. Leonila alimfuta mama mkwe jasho, akamwambia apumzike, akarudi kwenye nguo zake.

Kesho yake Bi Casilda alisema vilevile. Siku ya tatu pia. Siku hiyo Leonila alipobadilisha shuka, alikuta limelowa upande wa mto wa kulalia. Alidhani mama mkwe amejikojolea. Alitandika shuka jipya, na chini yake akaweka karatasi ya nailoni, kama anavyotandikiwa mtoto mchanga. Bi Casilda aligeukia ukutani, machozi yakamtoka. Leonila hakujua analilia nini.

Jioni alimweleza mume wake, Ezequiel, ambaye alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma.

"Mama ameanza kuchanganyikiwa," alisema Ezequiel. "Daktari alituambia inaweza kutokea."

"Lakini shuka halikunuka mkojo. Na lililowa kichwani, si katikati."

"Sasa ni nini?"

"Sijui. Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Ezequiel alitazama juu. Kwenye dari palikuwa na doa la manjano, kubwa kama sahani. Alichukua ngazi, akapanda juu ya nyumba. Paa lao lilikuwa bapa, la zege, kama mapaa yote ya mtaa ule. Lilikuwa kavu kabisa. Tangi la maji lilikuwa zima. Mabomba hayakuvuja. Akashuka akiwa hajui hili wala lile.

Kilichomchanganya zaidi ni kwamba paa hilo alilipaka mwenyewe rangi ya kuzuia maji, tena mara mbili. Mwaka jana alipaka rangi nyekundu, ikapasuka. Mwezi wa nne akapaka nyingine, nyekundu vilevile, juu yake. Haikumaliza wiki, ikatoa malengelenge kama ngozi iliyoungua. Mvua hakuna, rangi mpya ipo, maji yanatoka wapi?

Jirani wa kushoto alisema bomba limepasuka ndani ya ukuta. Ezequiel akavunja ukuta kidogo, hakukuta bomba. Jirani wa kulia alisema waliuziwa rangi feki. Mzee Nabor, baba yake Ezequiel, alisema zege hutoa jasho wakati wa joto. Alisema hivyo huku akikoroga kahawa ambayo ilikuwa imekwishakorogwa.

Kulikuwa na jambo jingine. Mtaani kwao maji ya bomba yalifunguliwa asubuhi tu, na tangi lilipaswa kutosha hadi kesho yake. Siku hizi liliisha kabla ya chakula cha jioni. Leonila alipunguza kufua na kudeki, tangi likazidi kuisha. Alianza kujiuliza kama yeye ndiye anayechanganyikiwa.

Kisha alasiri moja kipande cha plasta kilianguka kutoka darini, kizito kama jiwe la kusagia. Kiliangukia mto wa Bi Casilda, kikamkosa kichwani kwa upana wa kiganja. Pale kilipotoka, nondo za zege zilionekana, nyekundu kwa kutu. Walimhamishia mama sebuleni siku hiyohiyo.

Leonila alikwenda kwenye duka la vifaa vya ujenzi, akaeleza yote. Waliokuwapo wakamtaja Amparo, mwanamke aliyefanya kazi ya mapaa kwa miaka ishirini. Amparo alifika kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, amejifunga kitambaa kichwani. Kabla ya kupanda, aliuliza maji hudondoka saa ngapi. Hakuna aliyewahi kuuliza hivyo.

"Alasiri, saa tisa hivi," alijibu Leonila. "Ndivyo anavyosema mama mkwe. Lakini yeye, unajua, anachanganyikiwa."

"Wewe uliyaona?"

"Hapana."

"Basi aliyeyaona ndiye wa kumuuliza."

Amparo alivuta kiti karibu na Bi Casilda, akamsalimu, akamuuliza maji yalimwangukia wapi. Bi Casilda aliinua mkono wa kushoto. Akagusa shavu, kisha bega. Leonila aliikumbuka ile nailoni, akatazama chini.

Walipanda juu, Amparo, Ezequiel na Leonila. Amparo aliingiza kisu chini ya rangi nyekundu, nayo ikanyanyuka yote kama ganda. Chini yake palikuwa na vumbi, na ndani ya malengelenge mlikuwa na unyevu. Akapiga magoti karibu na tangi. Sakafu ya pale ilikuwa na duara nyeupe za chumvi, moja ndani ya nyingine. Nyuma ya tangi akakuta mpira mfupi wa maji, umekunjwa vizuri.

"Nani anamwagilia huku?" aliuliza.

Ezequiel alisema hakuna mtu. Wangemwagilia nini juu ya paa?

Chini ya ngazi palisikika kikohozi. Mzee Nabor alikuwa amesimama hapo, kofia mkononi. Tangu alipoanguka mwaka jana, mwanawe alimkataza kupanda ngazi.

"Ni mimi," alisema.

Alieleza polepole. Kile chumba kiliwaka kama tanuri, na mke wake hakuweza kuinuka kutafuta kivuli. Kwa hiyo tangu mwezi wa tatu, joto lilipoanza, kila alasiri Leonila akiwa na shughuli zake, alipanda akamwaga maji juu ya chumba. Joto lilipungua kwa muda wa nusu saa hivi.

"Na aliposema inanyesha?" aliuliza Leonila.

"Nilidhani anasikia sauti ya maji tu. Sikujua yanamwangukia. Doa lilipoonekana, niliogopa kusema kuwa nimepanda ngazi."

Mzee aliingia ndani, akakaa karibu na mke wake. Waliyozungumza hayakusikika. Alipotoka, Leonila akaingia.

"Mama, nisamehe. Nilikufikiria vibaya."

"Ulinifanya mtoto," alisema Bi Casilda.

"Ndiyo, mama. Nilikosea."

Bi Casilda akampa mkono.

Nje, Amparo alimweleza Ezequiel. Zege likichomwa na jua kali hutanuka, likimwagiwa maji husinyaa ghafla. Ndipo nyufa hufunguka. Maji huingia, nondo hushika kutu na kuvimba, plasta husukumwa chini. Jioni paa lilikuwa kavu kwa sababu jua lilikwisha kulikausha juu, siyo ndani.

"Lakini nilipaka rangi," alisema Ezequiel.

"Uliipaka saa ngapi?"

"Mchana, nikitoka kazini Jumamosi. Ikauke haraka."

"Ulifagia?"

Ezequiel alitikisa kichwa. Amparo alimwambia kwamba rangi ya kwanza ilishika vumbi, haikushika paa. Ya pili ilifunika unyevu, na unyevu ukipata joto hutafuta njia ya kutoka. Tena rangi nyekundu hufyonza jua. Nyeupe hulirudisha. Kile alichotafuta mzee kwa mpira wa maji, rangi nyeupe ingempa bila tone moja.

Kazi ilichukua wiki mbili. Kwanza waligonga plasta yote mbovu chumbani, wakasugua kutu kwa brashi ya waya, wakapaka nondo dawa ya kuzuia kutu na kuziba upya. Juu, walikwangua rangi ya zamani hadi zege likaonekana. Wakafagia, wakaosha, wakaacha siku tatu pakauke. Wakaziba nyufa kwa lami maalumu, na juu ya kila ufa wakalaza kitambaa cha wavu. Wakainua sehemu iliyobonyea ili maji yaende kwenye tundu la kutokea. Wakapaka rangi ya kwanza, nyepesi, ili ya juu ipate kushika. Kisha nyeupe, mara mbili: ya kwanza kwa urefu wa nyumba, ya pili kwa upana, na kati yake siku nzima. Walianza kulipopambazuka na kuacha saa tatu asubuhi, kabla zege halijawaka. Amparo aliwaagiza wafagie paa kila mwaka kabla ya mvua, kwani weupe uliofunikwa na vumbi haurudishi jua.

Bi Casilda alirudi chumbani kwake. Joto lilikuwepo, lakini aliweza kulala mchana. Mzee Nabor alikaa naye, akimsomea gazeti.

Mwishoni mwa Julai mawingu yalitoka milimani, mvua ikashuka kwa kishindo. Leonila alikimbia na beseni, akaliweka kando ya kitanda, akasimama akitazama dari. Maji yalisikika yakitoka kwa nguvu kwenye tundu na kuangukia barabarani. Robo saa ikapita. Beseni lilikuwa kavu.

"Ondoa hicho chombo," alisema Bi Casilda. "Nataka kulala."