Taa ya Breki Aliyoiona Mama Agape

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nasema mapema ili usihangaike kumtafuta.

Naitwa Evance. Nina Landrova ya zamani. Nabeba tangawizi na watu kutoka Vunta, mlimani, mpaka Hedaru kwenye barabara kuu. Njia yetu ina kona kama utumbo wa mbuzi. Madereva wa mlimani tuna sheria yetu: kabla ya kona, piga honi. Anayepanda akikusikia, anakungoja. Basi tukajiona tumehitimu. Honi ikilia, gari ni zima.

Asubuhi moja ya siku ya soko tulikuwa tunapakia magunia. Mke wangu, Yudith, alisimama nyuma ya gari. Mimi nilikuwa kwenye usukani, nalisogeza taratibu.

"Baba Agape," akaniita. "Ukikanyaga breki, huku nyuma hakuna kinachowaka."

"Mbona jana usiku niliona wekundu?"

"Hizo ni taa ndogo. Mimi nasema breki."

"Mama Agape, tangu lini umekuwa trafiki? Nitakununulia kofia nyeupe."

Abiria wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wote. Yudith hakucheka. Alipanda nyuma, akakaa juu ya magunia. Kiti cha mbele nilikuwa nimeshampa mteja.

Tulishuka salama. Kila kona nilipiga honi. Tulipoingia barabara kuu, mvua ikaanza. Karibu na soko la Hedaru mbuzi wakakatiza mbele yangu. Nikakanyaga breki. Nyuma yetu kulikuwa na lori. Dereva wake hakuona taa yoyote ya kumwambia kwamba nasimama. Alipotambua, alifunga breki, lakini lami ilikuwa imelowa. Akatugonga.

Magunia yalipasuka. Barabara nzima ilinuka tangawizi. Yudith alikuwa chini ya magunia mawili, na mguu wake wa kulia umevunjika pawili.

Alilala hospitalini wiki saba. Leo anatembea kwa mkongojo. Shamba letu liko kwenye mteremko, na mtu wa mkongojo halimi mteremko. Nalima mimi. Yeye anakaa juu ya jiwe, ananielekeza. Wapita njia wanadhani tunataniana.

Polisi waliponirudishia gari, nililipeleka Same kwa Redempta, fundi wa umeme wa magari. Taa ya nyuma ya kushoto ilikuwa imesagika. Ya kulia ilikuwa nzima.

"Lori lile lilikuwa mbio sana," nikamwambia.

"Labda," akasema. "Shika bisibisi. Zima gari, toa ufunguo. Taa ikiwa ya moto, subiri ipoe."

Nikafungua skrubu, nikatoa kioo chekundu.

"Sukuma balbu ndani kidogo, izungushe kushoto, vuta."

Ikatoka. Redempta akaiinua juani.

"Unaona nyuzi ngapi?"

"Mbili. Mmoja umekatika."

"Balbu hii moja ina kazi mbili. Uzi mmoja ni wa taa ndogo. Huu uliokatika ni wa breki. Ndiyo maana usiku unaona wekundu, unaridhika."

Mke wangu alikuwa amelisema hilohilo bila bisibisi.

"Soma kitako chake," akaendelea. "Volti kumi na mbili. Wati ishirini na moja, na tano. Nunua yenye namba hizohizo. Tazama pini hizi: moja iko juu, nyingine chini. Ikigoma kuingia, igeuze. Usiilazimishe."

Ndani ya soketi kulikuwa na kutu. Akanipa kipande cha msasa, nikasugua mpaka chuma kikang'aa.

"Kutu imeletwa na maji. Mpira huu wa kuzuia maji urudishe vizuri."

"Na balbu mpya isipowaka?"

"Angalia fyuzi. Ikiwa imeungua, weka ya namba ileile. Ukiweka waya, utachoma gari. Fyuzi ikiwa nzima, huenda ni swichi ya pedali. Hapo njoo kwangu."

Nikanyoosha mkono kuchukua na balbu ya akiba ya taa kubwa ya mbele. Akanipiga kofi kwenye vidole.

"Usiguse kioo chake! Hii inawaka kwa joto kali. Mafuta ya vidole yanaweza kuipasua. Shika kitako, au tumia kitambaa safi."

Mwisho, taa mpya ya kushoto na balbu zikiwa zimefungwa, alinikalisha kwenye usukani, yeye akasimama nyuma.

"Taa ndogo! Breki! Indiketa kulia! Kushoto! Rivasi!"

"Nikiwa peke yangu je?"

"Rudi nyuma karibu na ukuta, uone mwanga wake. Ukuta haudanganyi. Wala huwezi kuutania."

Siku hizi hatupakii kabla ya kukagua. Mimi nakanyaga, Yudith anatazama. Balbu za akiba ziko kwenye kopo, zimefungwa kitambaa. Kiti cha mbele ni chake, mteja apende asipende.

Mwezi uliopita, palepale Hedaru, nilisimama ghafla. Basi lililokuwa nyuma likasimama pia. Abiria waliendelea na soga zao. Yudith aligeuka, akalitazama basi lile.

Juzi Hezroni, dereva mwenzangu, alitukuta tukikagua.

"Evance, wewe ni dereva au fundi? Watu wanachelewa soko! Mimi nina miaka ishirini kwenye njia hii. Taa zangu za breki hata sijui kama zinawaka. Sijapata ajali hata moja."

Maneno yale nilikuwa nikiyasema mimi. Yudith akaegemea mkongojo wake.

"Hata mimi, shemeji," akasema, "nilikaa miaka arobaini na mbili bila ajali. Nimepata moja tu."