Mjusi wa Koo Jeupe

Kila siku baada ya masomo, Pilipili alipitia kazini kwa shangazi yake, mtafiti wa wanyama watambaao. Jina hilo wenzake walimpa kwa hasira zake za karibu. Alivua viatu mlangoni, akapangusa meza, kisha akamtazama shangazi akichunguza kwa lenzi mijusi kafiri waliohifadhiwa chupani.

Mijusi hao walitoka kwenye mlima wa mawe nje ya mji. Walikuwa na koo la njano, tofauti na jamii zote zinazojulikana. Pilipili alikwisha kutamba darasani kwamba shangazi yake amegundua mjusi mpya.

Siku hiyo shangazi alifungua chupa ya mwisho, akaguna. "Huyu ana koo jeupe. Siwezi kutangaza chochote sasa."

"Kwa sababu ya mmoja tu?" Pilipili alifoka. "Shuleni wananiita mwongo!"

"Waache waseme."

Pilipili alifura. Shangazi alipotoka kuchota maji ya chai, yeye aliificha ile chupa nyuma ya pazia.

Shangazi aliporudi, aliitafuta kila mahali. Mkuu wa idara akaja, akamgeukia mzee mfagiaji aliyekuwa akifagia mlangoni. "Ni wewe! Kwako kila kitu ni takataka!"

"Mimi? Meza hiyo sijaigusa!" mzee alisema kwa uchungu. "Mnanionea!"

Pilipili hakuvumilia. "Msimwonee babu! Nimeificha mimi."

Shangazi alimkazia macho. "Ulitaka niandike uongo, watu wausome na kuuamini? Mwombe babu radhi! Nawe mkuu pia, umemshutumu bila kuuliza."

Wote wawili wakaomba radhi. "Haya, yamekwisha," mzee alisema. "Lakini mmenitia tumbo joto!"

Pilipili akaitoa chupa nyuma ya pazia. Shangazi, uso bado ameukunja, akamtoa yule mjusi, akampa Pilipili lenzi. "Mtazame mapajani."

"Hana vile vitundu walivyo navyo wenzake."

"Wenye vitundu ni madume."

"Kumbe huyu ni jike!"

"Ndiyo. Huenda majike wote wako hivyo, lakini mmoja hatoshi kutuhakikishia."

Jumamosi shangazi alirudi mlimani pamoja na Pilipili. Kila jike waliyemwona alikuwa na koo jeupe, na kila dume koo la njano. Mjusi alikuwa mpya kweli, na sasa shangazi aliweza kueleza dume na jike wake.

"Bila yule mmoja, ningeeleza nusu ya mjusi," alisema. "Ukiona jambo linakupinga, mwanangu, usilifiche. Lichunguze zaidi."