Usaha Katika Mguu wa Nduwayezu

Kezia na mumewe Nduwayezu, wazazi wa Esperance, ni wakulima wa kijiji cha Heru Juu. Wakati wa kuandaa shamba la maharage, Nduwayezu alijikata mguu kwa jembe. Jeraha halikuwa kubwa. Alilipaka majivu, akaendelea kulima.

Siku ya nne mguu ulivimba, ukawa wa moto, usaha ukatoka. Kezia aliamini usaha ni uchafu tu, hivyo kila asubuhi aliukamua kwa nguvu mpaka damu itoke. Maumivu yakazidi. Siku ya sita Nduwayezu alipata mtoki kwenye kinena, homa ikapanda, hata kusimama ikawa shida. Kezia akaogopa. Akaita bodaboda, wakaenda zahanati.

Muuguzi Immakulata aliosha jeraha taratibu kwa maji na sabuni, bila kulikamua. Akamchoma mgonjwa sindano ya pepopunda, akampa dawa za siku saba alizoandikiwa na daktari. Kezia akauliza kwa nini usaha haukamuliwi.

"Mama Esperance, kwenye damu kuna seli nyeupe," alisema Immakulata. "Zikikuta kijidudu zinakizunguka, zinakimeza, zinakisaga humo humo. Nyingi zinakufa katika kazi hiyo. Usaha ndio hizo zilizokufa, pamoja na vijidudu."

"Sasa hizo zilizokufa, nani anaziondoa?"

"Seli nyeupe nyingine, kubwa zaidi. Zinameza zilizokufa, ndipo nyama mpya inaota. Ukikamua, unavisukuma vijidudu ndani. Majivu nayo yanaleta vingine. Seli zinazidiwa."

Akaeleza kwamba mtoki ni tezi iliyovimba, mahali seli hizo zinapokusanyika kuzuia vijidudu visipande juu. Usaha ukijaa sana, hutolewa na mtaalamu.

Kezia aliutazama mguu wa mumewe. Siku zote hizo alikuwa akimwumiza huku akidhani anamsaidia. Immakulata akamwambia wengi hufanya hivyo. Kubwa ni kwamba wamefika mapema.

Nyumbani, Kezia alichemsha maji, akayaacha yapoe, akaosha jeraha kila siku na kulifunga kwa kitambaa safi. Siku ya tatu ya dawa homa ilishuka, Nduwayezu akataka kuacha dawa. Kezia akakataa katakata, mpaka mumewe akazimaliza.

Baada ya wiki tatu jeraha lilikuwa limejaa nyama mpya. Kezia alichuchumaa, akalibonyeza kidogo kwa kidole.

"Panauma?"

"Hapana."

Kesho yake walipanda maharage, Nduwayezu akiwa amevaa mabuti. Majirani walikuwa wametangulia, lakini mvua zilikuwa bado zinanyesha.