Choo cha Mtani na Paa la Mhandisi Semboja

Choo cha nyumbani kwa Mhandisi Semboja kilikohoa kidogo, kama mkwe anayebisha hodi, kikasema, "Mboni, ukishanawa mikono mwite baba yako. Mwambie mtani wake ana neno."

Hicho kilikuwa choo-mpimaji: kiliumulika mkojo, kikasoma vijidudu na vitamini kabla maji hayajashuka. Waliokiunda walikuwa Wanyamwezi, watani wa Wazigua kama Semboja, na wakijua hakuna Mzigua atakayekubali kusemwa na choo, wakakipa ulimi wa utani. Mtani hakasirikiwi hata akikutania msibani, sembuse msalani.

"Mtani," kikaanza Semboja alipoingia, "mwanao ana UTI tena. Mpeleke hospitali, apewe dawa, vijidudu vife. Lakini mlango ukibaki wazi, wezi hurudi. Vitamini D yake iko chini kama heshima yako kwa wakwe, na kibofu huitumia kuweka walinzi. Sisemi ndiyo sababu pekee, wataalamu bado wanabishana. Ila figo za mtoto hazingoji mabishano yaishe. Ana miaka sita. Jua amelionea wapi?"

Semboja akatazama dari. Juu ya maghorofa yote ya Handeni lilitanda Paa la Ubaridi, utando mwembamba alioubuni mwenyewe kabla Mboni hajazaliwa, uliozuia jua na kumwaga mwanga laini pande zote, usioangusha kivuli. Kabla yake joto lilikuwa joto kwelikweli: kuku walitaga mayai yaliyochemka. Na kesho, mbele ya Mkuu wa Jiji, Semboja alitakiwa kubonyeza kitufe cha kuliunganisha paa hilo moja kwa moja, lisikunjike tena milele.

"Choo kibovu hiki," akasema. Akauteka mkojo wa Mboni kabla haujamwagiwa maji, akautia kwenye chupa ya chai, akaenda kwa jirani.

"Mama Kizigo, naomba msalani."

"Kwako maji yamekatika?"

"Hapana. Nataka kusikia choo cha pili kinasemaje."

Mama Kizigo akaiangalia ile chupa. "Na mimi nilishatoa vikombe."

Semboja akamimina. Hajamaliza, choo kikacheka. "Huyu si Mboni? Mwenzangu kashanihadithia. Mlituunganisha bomba moja, mkadhani tutanyamaza? Mpe matone ya vitamini, mtani, yatamfaa. Lakini watoto wa mtaa mzima ni hivyo hivyo. Hata wa humu ndani."

Mama Kizigo, aliyekuwa akicheka nacho, akaacha.

"Hoza, kitinda mimba wangu?" akauliza. "Kila akikojoa analia, baba Mboni. Mimi nikasema ni uchafu. Nilimchapa."

Semboja akaifunika chupa yake, akaondoka.

Kesho yake tarumbeta zililia, Mkuu wa Jiji akahutubia mpaka watoto wakalala, halafu akasema, "Haya, Mhandisi, bonyeza."

Semboja akabonyeza. Paa likatetemeka, kisha likaanza kujikunja kama mkeka wa wageni walioondoka. Jua likaingia bila hodi. Wakubwa wakajitwika viti, na mpiga tarumbeta kubwa akaingiza kichwa ndani ya tarumbeta, ikabidi baadaye watafutwe watu wanne wa kumchomoa.

"Semboja, umekosea kitufe," Mkuu wa Jiji akasema chini ya kiti.

"Sijakosea, mzee. Kila siku kidogo, watoto wapate jua, kisha nalifunga."

"Basi kazi huna."

"Choo kimeshaniambia hilo asubuhi."

Watoto walikuwa wametoka katikati ya uwanja, macho wameyafinya. Hoza alikuwa ameinua viganja kama anayekinga mvua. Mboni yeye alisimama peke yake, akiinama na kuinuka, kisha akamkimbilia baba yake.

"Baba, kuna mtu mweusi kalala pale chini, kanishika miguu. Namwamkia, hajibu."

Semboja akaangalia alikoonyeshwa. Miaka sita. Akamshika mwanawe mkono, wakarudi hadi pale, akachuchumaa juani na kuanza kuwajulisha.