Mlinzi wa Inspekta Maduhu

Mashine ilikuwa inakula mkanda wa video. Nyuma ya kioo kinene, miale yake myembamba iliambua unga wa sumaku kutoka kwenye utepe uliooza kwa ukungu, chembe baada ya chembe, na kila chembe ilisomwa mara moja tu kabla ya kugeuka moshi. Upande wa pili, hewani, Inspekta Maduhu alikuwa anaumbika: kwanza kofia, kisha masharubu, kisha ule mkono uliojulikana nchi nzima, usiotoka mfukoni mpaka muuaji atajwe.

Mhandisi Tusekile Mwambungu alitazama bila kupepesa. Mashine ile, Mfufuzi, aliibuni yeye. Na mkanda uliokuwa unaliwa ulikuwa wa mama yake.

Miaka hiyo kila nyumba jijini Mbeya ilikuwa na sebule hai. Kuta zenyewe zilitoa mwanga ukajikunja kuwa watu wa kimo kamili, wakatembea katikati ya makochi. Akili unde ilitunga hadithi mpya kila jioni, kwa ladha ya kila familia, hadi watu wakakinai. Wakaanza kuulizia tamthilia za zamani za upelelezi, zile ambazo bibi zao walikuwa wakizikodi kwenye vibanda vya video na kuzirudia hadi kanda zikakwaruzika. Iliyotakiwa kuliko zote ilikuwa Kesi za Inspekta Maduhu. Lakini kituo kilichoirusha kilikuwa kimerekodi mechi za mpira juu ya kanda zake zamani sana. Seti pekee iliyosalia ilikuwa kwenye sanduku la bati la Bi. Lugano, mama yake Tusekile.

Bi. Lugano hakuitunza kwa ajili ya Inspekta. Mumewe, Ambakisye, ndiye aliyeigiza mlinzi, yule mwenye tochi na koti la mvua ambaye karibu kila kesi alikuwa wa kwanza kuikuta maiti. Aliingia, akasema maneno mawili matatu, akatoka. Aliugua akafa kabla Tusekile hajaanza kutembea. Picha zake chache ziliharibika mwaka ambao upepo uliezua paa, zikagandamana zikawa kama kipande cha sabuni. Deki ya mwisho ya kuchezea kanda ilipokufa, mama alibaki na kanda asizoweza kuzitazama, na mume aliyekuwa ndani yake.

Tusekile alipokwenda kumwomba kanda hizo, mama aliuliza swali moja tu, kama zitarudi. Binti hakumficha. Alimweleza kwamba utepe umeoza kiasi kwamba kuusoma ni kuumaliza, ila baba angesimama hapo sebuleni, kimo chake chote, kama mtu aliyefunguliwa mlango. Mama alikaa na neno hilo wiki nzima. Kisha akalifuta sanduku vumbi, akalitoa.

Siku ya kutazama ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Bi. Lugano alivaa kitenge kipya na kupaka mafuta mikononi, akakaa kwenye kochi la katikati. Mvua ya tamthilia ikaanza kunyesha ukutani. Geti likalia. Mlinzi akaingia na tochi yake, akapita karibu na goti la mama, akasema, "Afande, kuna mtu kalala pale stoo, haamki."

Mama alimtazama hadi akatoka. Mlinzi akaingia tena, safari hii akiwa na Inspekta, akamwonyesha maiti. Mama akainama mbele kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Huyu nani?" aliuliza.

Tusekile alisema ni baba.

"Baba yako alikuwa anajikuna shingo kwa tochi kabla ya kusema. Kila mara. Mwongozaji alimkataza akashindwa. Na huyu meno yake yamejaa. Huyu nani, Tuse?"

Tusekile alisimamisha picha. Ilibidi aseme, na alisema kwa lugha nyepesi kadiri alivyoweza. Utepe ulipokuwa umeoza sana, Mfufuzi haikuweza kuokoa kila kitu. Nguvu zake zilielekezwa pale macho ya watazamaji yanapotua: uso wa Inspekta, mkono wake, uso wa muuaji. Pasipotazamwa na mtu, mashine ilikisia. Ilichukua watu wengine maelfu iliowajua na kuunda mtu wa kufaa pale. Kanuni hiyo aliiandika yeye mwenyewe, ndani ya ofisi yenye hewa safi, akiwafikiria wapita njia na wauza karanga wa nyuma ya picha. Baba yake hakumpitia akilini. Na taarifa za chembe zilizosomwa hazikuhifadhiwa. Zilikuwa nzito mno, zilifutwa kila kesi ilipokamilika.

Mama hakulia. Alizikunja ncha za kitenge chake.

"Kumbe hata mashine inajua nani mkubwa na nani mlinzi," alisema. "Zima."

Kazini, mkuu wa kitengo, Bwana Ngonyani, alisikiliza kwa upole. Alisema hakuna mtazamaji hata mmoja aliyelalamika, na hiyo ni kweli. Nchi nzima ilikuwa inamshangilia Maduhu upya. Lakini kwa heshima ya Bi. Lugano, kampuni ingemtengeneza mlinzi kwa maelezo ya mdomo. Mama aeleze, mashine ichore.

Tusekile aliona aibu kulipeleka wazo hilo nyumbani, lakini alilipeleka. Mama alikataa, kisha baada ya siku kadhaa akamwita mwenyewe. Akaanza kueleza. Pengo la jino la juu. Masikio yaliyokaa mbali na kichwa. Mashine ikachora, mama akasema hapana, si hivyo, paji la uso lilikuwa pana zaidi. Ikachora tena. Wakarudia miezi, jioni baada ya jioni, na kila mara "hapana" ya mama ilikuwa dhaifu kuliko ya jana. Mwishowe mlinzi akaingia, akajikuna shingo kwa tochi, na mama akasema taratibu, "Ndiye."

Tangu hapo alitazama kila siku. Alimsalimia akiingia. Alicheka kwenye maneno yale yale.

Shangazi Subilaga, dada mdogo wa marehemu, alikuja kutoka Kyela kumjulia hali wifi yake. Aliketishwa sebuleni, akaonyeshwa. Alitazama kesi tatu nzima, akamsifia wifi yake kwa kumpata kaka, akaomba maji. Tusekile alimfuata jikoni.

Shangazi hakuyanywa maji. Alishika bilauri kwa mikono miwili na kusema kwa sauti ya chini kwamba yule si kaka yake, hata kidogo, hata wa kufanana naye.

Tusekile alifarijika kwa namna iliyomshangaza. Basi alikuwepo bado mtu mmoja anayejua. Akamwomba amweleze basi baba alivyokuwa, amweleze yeye tu, mama asijue.

Shangazi alifumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu, midomo ikitaka kuanza na kuacha. Alipoyafumbua yalikuwa na machozi na hasira.

"Alikuwepo kichwani mwangu asubuhi hii," alisema. "Nikiwa ndani ya gari nilimwona vizuri tu. Sasa nikimtafuta, anakuja huyu wenu."

Kutoka sebuleni walisikia geti la tamthilia likilia, na Bi. Lugano akisema karibu.