Fuwele za Dada

Asubuhi nyumbani kwao ilianza kwa kelele za cherehani. Mama alikuwa fundi wa nguo, na mapema alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Dada alipiga pasi koti lake jeupe la maabara. Mtoto wa mwisho, msichana wa darasa la sita, alizunguka chumbani akigusa hiki na kufungua kile, mpaka mama akapaza sauti.

"We Kidole! Weka huo mkasi chini!"

Jina hilo la utani alilipata angali mdogo, na alilistahili. Kidole chake kilikwisha kuonja gundi, kukwama kwenye tundu la kufuli na kuchomwa na sindano ya cherehani, wala hakikushika adabu.

Siku hiyo alikuwa na furaha ya kupita kiasi. Chuo kikuu ambako dada alisomea kemia ya dawa kilikuwa kimewafungulia milango ndugu wa wanafunzi, wajionee kazi zao. Dada alikuwa amemwahidi kumpeleka.

"Ila sharti ni moja," dada alisema huku akikunja koti. "Tukiingia mle ndani, macho yaangalie, mikono itulie."

"Nimesikia, dada. Mikono nitaikalia."

Mama alicheka mpaka uzi ukamponyoka.

Maabara ilikuwa chumba kirefu chenye meza za juu, mabomba ya maji na chupa nyingi kuliko zote Kidole alizowahi kuona mahali pamoja. Dada alimvisha miwani mikubwa ya kukinga macho, kisha akampeleka kwenye meza yake. Juu ya kisahani cha kioo kulikuwa na fungu dogo la fuwele nyeupe, nyembamba kama sindano, zilizoachwa zikauke.

"Hii ni dawa ya kutuliza maumivu," dada alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga aliyelala. "Nimeitengeneza mwenyewe. Ikikauka nitaipima uzito, halafu nitaipasha moto nione inayeyuka kwenye joto gani. Ikionekana ni safi, nimemaliza kazi yangu ya mwaka wa mwisho."

"Na isipokuwa safi?"

"Mzee Rudia atasema neno lake."

Mzee Rudia alikuwa mhadhiri wao. Wanafunzi walimpa jina hilo kwa sababu ukimpelekea kazi, hata kama umeitolea jasho namna gani, aliitazama, akakuna kidevu na kusema, "Rudia." Dada alikuwa ameambiwa hivyo mara nyingi mpaka neno lile likawa linamfuata ndotoni.

Mwanafunzi mmoja alichungulia mlangoni akamwita dada akasaidie kuwaonyesha wageni mashine iliyokuwa chumba cha pili. "Nakuja sasa hivi," dada alimwambia Kidole. "Usiguse kitu."

Kidole alikaa juu ya mikono yake, kama alivyoahidi. Lakini jua lilipenya dirishani, na zile fuwele zikaanza kumetameta. Akasimama ili azione vizuri. Akainama. Kisha, akijiambia kwamba kushika kisahani si kushika dawa, akakiinua kuelekea kwenye mwanga.

Mlango ukabamizwa huko ukumbini. Kidole akashtuka, kisahani kikainama, na karibu nusu ya fuwele zikamwagika sakafuni.

Alipiga magoti akajaribu kuzizoa, akapata vumbi zaidi kuliko fuwele. Zilizobaki alizisukuma kwa kiatu chini ya meza. Pale pale angeweza kumwita dada, na jambo lingekwisha kwa kugombezwa kidogo. Badala yake macho yake yaliangukia chupa iliyokuwa pembeni, yenye unga mweupe wenye mng'aro kama wa zile fuwele. Aliufungua mfuniko, akachota kwa vidole, akaongeza kwenye kisahani na kukoroga. Fungu likarudi kama lilivyokuwa. Kusema kweli, lilikuwa limenenepa kidogo.

Dada aliporudi alimkuta amekaa juu ya mikono yake.

"Hukugusa kitu?"

"Hapana, dada."

"Ndiyo maana nakupenda," dada alisema, akampapasa kichwani. Kidole alitamani kichwa chake kiingie ndani ya kola ya shati.

Siku kadhaa zilipita, na Kidole akaanza kuamini kwamba mambo yamekwisha. Kisha jioni moja dada alirudi akakaa kwenye kochi bila hata kuweka mkoba chini. Kidole alikuwa sakafuni akichambua vifungo vya mama, vikubwa huku, vidogo kule.

"Mama," dada alisema, "leo nimeitwa mwongo."

Cherehani ikanyamaza.

"Unga wangu umezidi uzito. Kwa vitu nilivyoanza navyo, haiwezekani kupata kiasi kile, hata ningekuwa malaika. Halafu nilipoupasha moto ukaanza kulainika mapema, ukabaki nusu maji nusu unga. Dawa safi ikifika joto lake huyeyuka yote kwa pamoja. Mzee Rudia anasema nimeongeza ule unga wa kwenye chupa, malighafi niliyoanzia kazi, makusudi, ili nionekane nimepata nyingi."

"Nawe ulimjibuje?"

"Nilikataa. Akaniuliza ni nani mwingine aliyekuwa kwenye meza yangu. Nikamwambia ni mdogo wangu tu, na yeye hakugusa kitu, namwamini." Sauti ya dada ilikatika. "Kesho nitakwenda mbele ya kamati. Wakiona ni udanganyifu, nafukuzwa chuo."

Kifungo kilimponyoka Kidole kikabingirika mpaka miguuni kwa dada. Dada alikiokota, akamrudishia. Ile "namwamini" ilimchoma Kidole kuliko kofi. Usiku hakula, na alipolala alijifunika shuka gubigubi, akiona aibu hata mbele ya giza.

Asubuhi dada aliondoka mapema. Kidole alikuwa amekwisha kuvaa sare ya shule, begi mgongoni, lakini miguu ilikataa kwenda. Alisimama kando ya cherehani akishika ukingo wa meza.

"Mama, ni mimi."

"Ni wewe nini tena? Umevunja sindano?"

Kidole akatoa ya moyoni yote: kisahani, sakafu, kiatu, ile chupa. Alingoja kugombezwa, alitamani kugombezwa. Mama hakupaza sauti. Alivua futi shingoni, akaikunja polepole, akaiweka mezani.

"Twende," alisema. "Anayepaswa kuyasikia maneno hayo ni Mzee Rudia."

Walimkuta dada amekaa ofisini kwa mhadhiri, mikono mapajani, akingoja kuitwa na kamati. Alishangaa kuwaona. Mzee Rudia alikuwa mfupi, mwenye mvi, na meza yake ilikuwa nadhifu kupindukia.

"Shikamoo, mwalimu," Kidole alisema.

"Marahaba. Shule hakuna leo?"

"Ipo. Nimekuja… ile dawa… ni mimi niliyeimwaga, nikaongeza unga wa kwenye chupa." Alisema akiviambia viatu vyake, kwa sauti ambayo hata mbu asingeisikia.

Mhadhiri alikuna kidevu. "Rudia."

Uso ulimwaka Kidole. Mara ya kwanza maneno yalitoka kwa kusukumwa. Sasa alitakiwa kuyasema akijua yana uzito gani.

"Si mimi wa kuambiwa," Mzee Rudia aliendelea, kwa upole safari hii. "Mtazame dada yako."

Kidole aliinua macho. Kumtazama dada kulimwia vigumu kuliko kitu chochote alichowahi kufanya.

"Dada, nilikudanganya. Niliimwaga dawa yako, nikachanganya unga mwingine, halafu nikasema sikugusa. Ukanitetea, nami nikanyamaza."

Dada alisimama ghafla. Kidole akafumba macho akingoja kofi. Badala yake alihisi mikono yake ikishikwa na kugeuzwageuzwa.

"Uliushika kwa vidole? Ule unga unaunguza ngozi! Ulinawa kabla ya kula?"

"Nilinawa, dada."

Hapo ndipo Kidole alipoangua kilio, kwa maana aliyestahili kuhurumiwa alikuwa anamhurumia yeye.

Mzee Rudia aliwaacha kidogo, kisha akamgeukia dada. "Nitaiandikia kamati kwamba hukudanganya. Nakuomba radhi kwa neno nililokuita. Lakini kumwacha mtoto peke yake kati ya kemikali, hilo ni kosa lako, na lingeweza kumdhuru zaidi ya kumuunguza ngozi ya vidole."

"Ni kweli, mwalimu," dada alisema, naye akatazama chini.

Mhadhiri akamwita Kidole karibu na meza. "Ukiumwa, mama hukupa dawa?"

"Hunipa."

"Huwa unaipima kwanza, ujue ndani yake kuna nini?"

Kidole alitikisa kichwa.

"Unameza tu. Unamwamini mtu usiyemjua, aliyeitengeneza mahali usipopajua. Katika kazi hii kumwaga si dhambi. Mimi mwenyewe nimemwaga vya kutosha kujaza ndoo. Ukimwaga, unasema umemwaga. Ukificha, kosa lako linaingia kwenye kidonge, na kidonge kinaingia kwa mgonjwa. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mwalimu."

"Haya." Alimgeukia dada, akakuna kidevu. Wote walijua kinachokuja. "Rudia."

Dada alicheka na kulia kwa pamoja. Hakuwahi kudhani kwamba siku moja neno lile lingemfaa kuliko pongezi.

Ilibidi aanze upya tangu mwanzo, na kwa muda mrefu alikuwa akirudi nyumbani amechoka hoi. Alimwambia Kidole waziwazi kwamba bado ana hasira naye, na Kidole hakubisha. Kila jioni alimfulia koti lake jeupe na kulianika bila kuambiwa. Aibu haikumtoka kwa siku moja.

Kisha jioni moja dada aliingia akiruka. Fuwele mpya zilikuwa chache kuliko za kwanza, lakini zilipofika joto lake ziliyeyuka zote kwa pamoja.

"Na Mzee Rudia kasemaje?" mama aliuliza.

"Amekuna kidevu, akatazama, akakuna tena. Halafu akasema, 'Safi.'"

Kidole alifurahi mno hata akarusha mikono juu, na mkono mmoja ukalipiga kopo la vifungo. Vikasambaa chumba kizima, vingine vikatokomea chini ya kabati.

"Nimemwaga mimi," Kidole alisema upesi. "Na vingine vimeingia chini ya kabati, mama, hata kile cha dhahabu cha gauni la mteja."

Mama akampa fagio.

"Kikitafutwa kitapatikana, mwanangu," alisema. "Maadamu umesema kimeingia wapi."